Kutoka Saba Mpaka Mia Mbili na Tatu

"Saba," alisema Gad, akaiweka karatasi ya kwanza juu ya goti la kushoto. "Mia mbili na tatu." Akaiweka ya pili juu ya goti la kulia. "Mama Joël, weye unauza maharage sokoni, hesabu unanishinda. Niambie. Kutoka saba mpaka mia mbili na tatu, mafuta yameongezeka mara ngapi?"

Marthe, mke wake, alikuwa bado amesimama mlangoni, vumbi la barabara ya Kabingo limempanda mpaka kwenye kitambaa cha kichwani. Ndiyo kwanza wamerudi kutoka Mbarara, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda.

Ile karatasi ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa kwanza. Gad alikuwa ameanguka malishoni, kifua kimembana kama mtu aliyefungwa mkanda wa gunia. Hospitalini Mbarara walimpima damu wakaandika kolesteroli 7.1. Daktari alieleza kwamba mafuta yamezidi katika damu na yanaziba njia za moyo. Akampa vidonge, akamkataza samli, mawese, nyama ya mafuta na maziwa mazito. Baada ya miezi mitano alitaka damu ipimwe tena. Siku hiyo mashine ya hospitali ilikuwa imeharibika, damu ikapelekwa kwenye maabara ndogo ya mtu binafsi, upande wa Kamukuzi. Wao wakaandika 203. Daktari mwenyewe alikuwa safarini mpaka wiki iliyofuata. Hakukuwa na wa kuwasomea zaidi ya macho yao wenyewe, na maneno yote ya pembeni yalikuwa ya Kiingereza.

"Pengine walikosea," alisema Marthe.

"Mutu anaweza kukosea moja. Anaweza kukosea mbili. Hakosei mia mbili." Gad alizikunja karatasi polepole. "Miezi tano sijaonja maziwa. Miye, mutoto wa ng'ombe! Nimekataa mpaka maziwa ya Ezira, nikamwaibisha mbele ya wageni wake. Nimekula majani ya muhogo, sombe ya maji, kama mutu wa jela. Sasa mafuta yametoka fasi gani? Yamenyesha na mvua?"

"Unaniuliza miye?"

"Nani anapika humu?"

Neno hilo likakaa katikati ya nyumba. Marthe alifungua kitambaa cha kichwani, akakikung'uta, akakifunga tena.

"Baba Joël, unasema nimekuwekea mawese?"

"Sijasema. Nimeuliza."

"Basi na miye niulize. Ukiwa kule malishoni na wale vijana, wanapokamua, unakunywa nini? Hapa nyumbani unanawa mikono, unaomba, unakula majani. Kule nani anakuona?"

"Mungu ananiona!"

"Basi Mungu aje atuambie."

Watu walioishi pamoja miaka mingi huwa na visu vyao, ila huviweka juu ya paa wasivifikie. Siku ile kila mmoja alipanda akachukua chake. Kisha wakala chakula bila chumvi ya maneno, wakalala, mgongo kwa mgongo.

Asubuhi Gad hakumeza kidonge. Marthe alimwekea kikombe cha maji karibu, kama siku zote. Alipokuja kukitoa, maji yalikuwa yamejaa na kidonge kiko pale pale juu ya kibao.

"Dawa hizi zimenipandisha," alisema Gad. "Bila dawa nilikuwa na saba."

*

Ezira aliishi ng'ambo ya kilima, na yeye na Gad walikuwa wametoka milima ileile ya Kivu Kusini. Alikuja siku ya tatu, fimbo yake nyuma ya shingo, mikono imening'inia juu yake. Alikuwa mtu wa utani, na utani wake ulikuwa na meno.

"Nimeambiwa unakufa. Nikasema hapana, yule amekataa maziwa yangu, kifo hakimtaki mutu wa jeuri namna hiyo."

Gad alicheka kidogo, akamwonyesha kigoda. Marthe alikuwa anachambua maharage uani na akasikia kila kitu, maana ukuta wa nyumba ile ulikuwa wa udongo na mashaka.

"Na tena, mafuta?" aliendelea Ezira. "Jiangalie. Ukisimama kando ya fimbo yangu, ndama hatajua aogope nani. Mafuta yanakaa wapi humo?"

"Yako mia mbili na tatu."

"Mia mbili na tatu ya nini?"

Gad alifikiri. Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo. "Ya mafuta," alisema.

"Aa."

Sauti ya Gad ikashuka, na Marthe akaacha kuchambua.

"Ezira, nataka nikupe Bihogo."

Bihogo ndiye alikuwa ng'ombe wao. Si mmoja wa ng'ombe wao. Ng'ombe wao pekee. Ana rangi ya kahawia iliyoiva, na pembe zilizofunguka kama mikono ya mtu anayepokea mgeni.

"Usiseme mambo hayo," alisema Ezira, na sauti yake haikuwa tena na utani.

"Nasema. Joël yuko mbali, na ana watoto wake. Nikienda, Mama Joël anabaki peke yake katika inchi ya batu wengine. Mutu akiwa na ng'ombe yangu katika zizi lake, ni ndugu yangu. Hawezi kulala ameshiba na mujane wangu ana njaa. Unajua hivyo, na miye najua. Jumapili, kisha ibada, nitamleta mwenyewe."

Kwa watu wa milima ile, ng'ombe anayetolewa si bei wala si sadaka. Ni kamba. Inafunga nyumba mbili, na haifunguliwi. Aliyetoa haombi kurudishiwa. Akiomba, amelaani zizi la mwenziwe na la kwake pia.

Marthe aliinamisha kichwa juu ya ungo. Tangu siku ya karatasi alikuwa amemkasirikia mtu huyu. Sasa akajua kwamba muda wote huo, akiwa amemgeuzia mgongo kitandani, mtu huyu alikuwa akimtafutia ndugu. Machozi yakadondokea maharage. Akaendelea kuyachambua, mabaya huku, mazuri huku, bila kuona.

*

Jumamosi alfajiri alivaa kitenge kizuri, akazichukua karatasi zote mbili, akamwambia Gad anakwenda kuangalia bei ya maharage Mbarara. Haukuwa uongo mzima, bei aliiuliza. Lakini kilichomtoa nyumbani kilikuwa swali moja. Kama kweli kuna mafuta yanayomuua mume wake, na kama yalipitia kwenye chungu chake bila yeye kujua, alitaka aambiwe usoni. Na kama hayakupitia kwake, alitaka aambiwe pia, kabla ya Jumapili, kabla ya kamba kufungwa na mtu anayeamini mkewe alimlisha kifo.

Maabara ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, kwenye mteremko wa Kamukuzi, chini ya nyumba za wakubwa zenye ua wa maua. Msichana wa mapokezi alizishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Wewe natoka wapi?"

"Nakivale."

"Mukimbizi na kolesteroli!" Aliwageukia waliokuwa wamekaa kwenye benchi. "Mumesikia? Sisi hapa nakula posho, ugali mutupu, wao huko iko na kolesteroli. UN nawapikia nyama kila siku?"

Benchi likacheka. Mzee mmoja wa Kakiika aliyebeba chupa ya mkojo ndani ya gazeti alicheka mpaka chupa ikatikisika. Kana kwamba moyo wa mtu, kabla ya kuugua, huuliza kwanza kitambulisho! Kana kwamba maskini ameruhusiwa malaria na njaa tu, na akiugua kingine amekiiba!

Marthe hakuondoka. Aliwahi kusimama kwenye foleni ndefu kuliko hii, mbele ya watu wabaya kuliko hawa.

"Cheka, mutoto wangu," alisema. "Ukimaliza, niitie mwenye kupima. Nitamungoja."

Kicheko kikafa chenyewe. Mwanamke mmoja mwenye koti jeupe alichungulia kutoka ndani, akavua glavu.

"Nyabo, mama, kuja huku. Mimi naitwa Goretti. Mimi ndiyo nilipima hii damu. Shida iko wapi?"

Marthe alimpa karatasi. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, yakabaki mawili matatu. "Ilikuwa saba. Miezi tano nampikia bila mafuta. Sasa ni mia mbili na tatu. Nataka kujua kama ni miye."

Goretti aliweka karatasi moja juu ya nyingine, akatazama, akafumba macho kidogo kama mtu aliyeona mtoto akielekea kwenye shimo.

"Hapana, nyabo. Hapana, hapana. Kaa chini."

Akavuta stuli, akakaa naye goti kwa goti.

"Ona hapa, nyuma ya namba. Hospitali naandika milimoli kwa lita. Mimi naandika miligramu kwa desilita. Namba haiko moja. Mashine ya hospitali nahesabu. Mashine yangu napima uzito."

"Inahesabu nini?"

"Punje za mafuta. Ndogo sana, macho hapana ona. Hospitali nauliza: katika lita moja ya damu, punje iko ngapi? Nahesabu kwa mafungu, mafungu iko saba. Mimi nauliza: katika kikombe kidogo cha damu, sehemu ya kumi ya lita, mafuta iko na uzito gani? Uzito iko mia mbili na tatu."

Marthe aliona meza yake ya sokoni. Wanawake wengine huuza mafungu, wengine huweka kwenye mizani, na maharage ni yaleyale.

"Kwa hiyo huwezi kuziweka pamoja mpaka ugeuze moja."

"Eee! Kama wewe natoka Kongo na faranga, nafika hapa, lazima badilisha kwanza. Sasa tubadilishe." Goretti alitoa simu yake. "Kolesteroli, kutoka yangu kwenda ya hospitali, nagawa kwa thelathini na nane nukta sita saba. Shika wewe. Bonyeza wewe mwenyewe."

Marthe alibonyeza kwa kidole kilichozoea maganda. Mia mbili na tatu. Gawa. Thelathini na nane nukta sita saba. Kioo kikaonyesha tano, nukta, na namba nyingine nyuma yake.

"Tano na robo," alisema.

"Tano na robo. Ilikuwa ngapi?"

"Saba." Marthe alishika kifua chake mwenyewe. "Saba na kitu."

"Saba nukta moja. Na hiyo ukiileta kwa namba zangu, nazidisha: inakuwa karibu mia mbili sabini na tano. Kutoka hapo, nafika mia mbili na tatu. Sisi natafuta chini ya mia mbili. Bado kidogo tu! Dawa nafanya kazi. Chakula yako nafanya kazi."

Marthe alitazama mstari wa chini yake, mafuta ya aina nyingine. Hospitali iliandika 2.0, maabara iliandika 150. Bila kuambiwa, akaanza kubonyeza: mia moja hamsini, gawa kwa thelathini na nane...

"Hiyo hapana," alisema Goretti. "Hiyo iko na namba yake. Nagawa kwa themanini na nane nukta tano saba."

"Juu ya nini? Si mafuta yote?"

"Punje yake iko nzito zaidi."

"Aa." Uso wa Marthe ukafunguka. "Kama yale maharage ya manjano makubwa na yale madogo mekundu. Hesabu punje mia za huku na mia za huku, mizani haitasema sawa."

Goretti alimtazama, akacheka kwa furaha. "Nyabo, hiyo nitaiiba. Nitafundishia wengine."

Marthe alibonyeza tena, ikaja moja na nusu na ziada. Nayo imeshuka. Kisha akauliza lile alilolifuata. "Na kama mafuta sikuweka, na yeye hakunywa, yale ya kwanza yalitoka fasi gani? Ni mwembamba, hana hata shavu."

"Ini ya mutu natengeneza yenyewe. Wengine nazaliwa na ini ya kutengeneza mingi. Mwembamba, munene, hapana chagua. Hapana kosa yako, hapana kosa yake. Lakini hapana acha dawa. Umesikia? Akiacha, inarudi juu."

"Ameacha tangu Jumatano."

"Basi nenda," alisema Goretti, akasimama. "Wewe nakaa hapa nafanya nini?"

*

Zizi lilikuwa tupu.

Marthe alilitazama kutoka barabarani, na hata kabla hajafika akajua. Gad alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya mlango, mikono kati ya magoti. Kando ya mguu wake ilikuwepo kamba iliyokatwa.

"Ulisema Jumapili," alisema Marthe.

"Asubuhi kifua kilinibana. Nikaogopa sitafika kesho." Hakumtazama. "Na niliogopa ukiwapo sitaweza."

Marthe alikaa kando yake juu ya gogo lile. Njia nzima alikuwa amepanga namna ya kulisema jambo lile, kwa nukta zake zote, na sasa hakuna hata nukta moja iliyomjia.

"Baba Joël. Mutu akikuuliza una ng'ombe ngapi, jana ungesemaje?"

"Mama Joël, usinichokoze."

"Ungesemaje?"

"Mmoja."

"Na akija yule muchinjaji wa soko la Base Camp na mizani yake, amupime Bihogo, atasemaje?"

Gad aligeuka. Hilo alilijua, macho yake yalipima ng'ombe kabla hayajajifunza kusoma. "Atasema kilo mia mbili na themanini. Pengine mia tatu."

"Mmoja. Mia mbili na themanini. Ng'ombe wameongezeka?"

"Muchinjaji anapima nyama. Miye nahesabu vichwa."

"Basi hospitali walihesabu vichwa," alisema Marthe, "na wale wa Kamukuzi walipima nyama."

Akazitoa karatasi. Akamweleza, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri zaidi. Gad alibisha. Alisema mashine za Wazungu si kama wachinjaji. Alisema mbona basi hawakuandika. Marthe akamwonyesha zile herufi ndogo nyuma ya namba: hizi hapa, na hizi hapa, tazama, si moja. Walikuwa wameandika. Herufi zilikuwa pale tangu mwanzo, ndogo kama sisimizi. Akamwambia kuhusu ini, na kwamba akiacha vidonge mafuta yatarudi juu.

"Tano na robo," alisema Gad.

"Tano na robo. Kutoka saba."

Uso wa Gad ulikuwa unafanya kazi ngumu, maana si rahisi kurudi kutoka mahali alipokuwa amekwisha kufika. Mtu akishaagana na kila kitu, mti, njia, mke, hawezi kuvisalimu tena vyote kwa siku moja.

"Nilisema unanilisha mawese," alisema mwishoni.

"Na miye nilisema unakunywa kwa siri."

"Hata siku moja, Mama Joël. Vijana walinicheka. Hata siku moja."

"Najua. Namba zimesema." Akamshika mkono, jambo ambalo hakulifanya nje ya nyumba tangu walipokuwa vijana. "Lakini ilipaswa nijue bila namba."

Kisha wote wawili wakatazama zizi.

*

Jumapili, baada ya ibada, walikwenda kwa Ezira pamoja. Marthe alikuwa amemwomba mumewe asiende, kisha akamwomba aende, kisha akasema atakwenda naye. Kwamba hawataomba kurudishiwa ng'ombe, hilo halikuhitaji kusemwa. Walikwenda kwa sababu rafiki alikuwa ameanza kuomboleza, na ilikuwa lazima aachishwe.

Bihogo alikuwa nyuma ya nyumba, miongoni mwa ng'ombe wa Ezira. Alimwona Gad, akainua kichwa. Gad akatazama chini.

Ezira alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama, ameegemea fimbo. Walipofika kwenye tano na robo alikuwa amegeuza uso. Alipougeuza tena, ulikuwa umelowa na umekasirika.

"Kwa hiyo hufi."

"Si sasa."

"Na miye jana nimelia mbele ya muke wangu kama mutoto! Nani atanirudishia machozi yale? Wale wa Kamukuzi?"

"Samahani, Ezira."

"Samahani haijai kwenye ndoo." Ezira alitembea mpaka kwa Bihogo, akaweka kiganja ubavuni mwake, chini, nyuma ya mbavu. Alikiacha pale. "Sikiliza, Gad. Ng'ombe uliyonipa, umenipa. Sitakutukana kwa kumrudisha."

"Sijaomba."

"Najua hujaomba. Ungeomba ningekupiga fimbo. Lakini huyu ana mimba, na weye unajua kunishinda miye, maana ulikuwapo alipopandwa. Akizaa jike, ndama ni wako. Ndivyo baba zetu walifanya, aliyepewa anarudisha mutoto. Na desturi unaijua. Ndama yule anapokelewa na aliyetoa. Kwa mikono yake, akiwa amesimama. Sitamuleta kwa mujane. Sitamuleta kwa Joël. Nikikuta umekufa, nitamufuga miye, na watoto wangu watakunywa maziwa yake, na jina lako sitalitaja."

"Ezira!" alisema Marthe.

"Nimesema, Mama Joël."

Gad alimkaribia ng'ombe. Hakumgusa, hakuwa wake tena. Alimtazama tumbo, akatazama mkono wa Ezira uliotulia pale kana kwamba unasikiliza mlango, na midomo yake ikaanza kwenda taratibu, bila sauti. Mwezi wa nne, mvua ilipokuwa nzito. Wa tano. Wa sita.

"Itakuwa mwezi wa kwanza," alisema.

"Mwezi wa kwanza," alikubali Ezira.

Gad alimgeukia mkewe. Kwenye uso ule mwembamba kulikuwa na kitu ambacho Marthe hakukiona tangu siku ya karatasi, woga mdogo wa mtu ambaye tena ana cha kupoteza.

"Mama Joël, miezi tisa ya ng'ombe," aliuliza, "na huku Uganda ni tisa?"

"Ni tisa," alisema Marthe. "Hiyo haigawanywi na kitu."